Kibanda cha Kutazama Bwawa

Jumatatu, 8 Septemba

Shajara, samahani kwa kukutupa muda huu wote. Mwanangu Mitchel anaota meno. Akilala nalala, akiamka sina mkono.

Kuna habari. Kaunti inataka kujenga upya pale bwawani tunapouzia, mahali pa umma ambapo watu wa mjini huja kupumzika wikendi. Bembea, vyoo, vibanda vya matofali. Chifu alitangaza kanisani: siku ya kuandikishwa, utakapokutwa unauza ndipo utakapojengewa.

Mimi niko juu, karibu na barabara. Vumbi lote ni langu. Nataka ukingoni. Mteja akitazama maji hula chapati ya pili bila kujua.

Beverlyne, anayekaanga samaki kando yangu, asijue.

Jumatano, 10 Septemba

Mkutano wa maoni ya wananchi. Philemon, kijana wa mipango kutoka kaunti, alieleza ramani mpaka soda zikapata joto. Wanaandikisha Ijumaa. Beverlyne aliuliza maji machafu ya samaki yatamwagwa wapi. Akapigiwa makofi. Mimi sikuuliza kitu. Mwenye mpango haulizi.

Nilitoka kabla ya maswali kuisha. Mtoto alikuwa analia.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimehama. Vijana wanne wa boda, kwa malipo ya chai na chapati, walibeba kibanda kizima mabegani, mabati na yote. Mimi nyuma, Mitchel mgongoni, analilia meno yake. Mzee mmoja akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akaniambia pole mama, Mungu ampumzishe. Nikasema asante. Ningesema nini?

Pale ukingoni kibanda kilionekana kigeni. Nikakizeesha. Nguzo nikazipaka matope. Majivu ya wiki nzima nikayamwaga hadi kwenye maji, mtu aone jiko la miaka.

Beverlyne alipita akaniuliza, Mama Mitchel, unahama ama unatoroka? Nikamwambia nambadilishia mtoto hewa.

Ijumaa, 12 Septemba

Philemon alifika na kopo la rangi nyekundu. Sikushtuka. Nilidhani ni ya namba.

Akatazama majivu. Akauliza nimeuza hapo muda gani. Miaka saba, nikasema, polepole, kama mtu aliyechoka. Uchovu sikuigiza. Akatikisa kichwa. Kumbe ni wewe, akasema, unayechafua bwawa miaka yote hii. Ukingoni hapajengwi kitu, hilo alilieleza mkutanoni, mwishoni. Akachora X kubwa ya kubomolewa kwenye mabati yangu. Jina hakuandika.

Nikaketi chini na mtoto. Unga, maziwa, dawa ya meno yake, vyote hutoka kwenye hicho kibanda.

Ndipo Beverlyne akateremka na kijiko chake cha kukaangia. Mbele ya watu wote akaniuliza, wewe, miaka saba iliyopita si ulikuwa na sketi ya shule hapo Mukumu? Kisha akamgeukia Philemon. Huyu ni muongo, akamwambia, lakini ni muongo wetu. Anauzanga chapati kando yangu huko juu. Huku chini amekuja jana. Gusa hizo nguzo.

Philemon akagusa. Kidole kikarudi na matope mabichi. Akacheka mpaka akakalia benchi langu, halafu akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Iliniuma kuliko jino.

Akaniandika juu, kando ya Beverlyne.

Jumapili, 14 Septemba

Kibanda kimerudi. Vijana wa boda walidai chapati mbili mbili, ati njia ni ya kupanda. Beverlyne ameniletea mkia wa samaki. Mitchel ameufyonza hadi akalala nao mkononi. Nikisimama juu ya benchi, maji nayaona vizuri. Kwa kweli nimeridhika.

Ila fundi mmoja amenidokezea kwamba bembea zitawekwa upande ule wa mikaratusi. Mtoto akishuka kwenye bembea ana njaa, na mama yake hawezi kumnyima. Tena Alhamisi wanarudi kuandikisha waliokosa, na dada yangu Naliaka hajaandikwa popote.

Nimempigia simu huko kwake Shinyalu. Anitumie turubai, kamba ya katani, jiko dogo, lile sufuria la mama lenye kutu, na watoto wake wawili, wakiwa hawajala.