Hodi Tatu kwa Aidan

Jumatano, 4 Juni 2025

Baridi ya Songea haina huruma, lakini nimekwenda. Sebule ya Devota, Lizaboni. Mapazia yamefungwa, makochi yamesukumwa ukutani. Ni sisi tu, wanaume tunaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake. Majirani wanajua ni kikundi cha ngoma. Si uongo sana, tunacheza kweli.

Devota, fundi cherehani na kamanda wetu, ana sheria moja. Mwili ni nyumba. Kabla hujamgusa mwenzio nyoosha kiganja, piga hodi, ngoja. Akisema karibu, mnacheza. Hodi ya tatu bila jibu, geuka uende zako, na usinune.

Nikampigia hodi Aidan huku mkono umeshafika begani kwake. Devota akazima muziki. Akaniuliza hiyo ni hodi gani, ya mtu aliyekwisha kukaa kwenye kochi. Nikajitetea kwamba Lizaboni yote tunabisha hivyo. Wakacheka. Aidan hakucheka, akaenda kucheza na Egidi. Egidi! Hana hata kiuno.

Alhamisi, 5 Juni

Mkakati. Nitasema goti linauma. Mgonjwa hushikwa bila hodi! Aidan ni seremala wa Ruhuwiko, mikono ya kubeba mbao, moyo laini. Nimejifunza kuchechemea kibandani kwangu. Mteja aliyekuja kununua kava ya simu kanipa pole. Naweza.

Jumamosi, 7 Juni

Nikachechemea. Aliyeniwahi ni Egidi. Akaomba ruhusa kwa adabu zote, akanichua kwa dawa mpaka machozi. Sasa goti linauma kweli.

Halafu balaa. Mlangoni, hodi! Devota akaweka kidole mdomoni. Sote kimya. Na mimi, malezi ya mama yangu, nikajibu kwa sauti: karibuuu!

Akaingia Bibi Kunegunda, jirani ambaye habari humfikia kabla ya padri. Shikamoo zikamiminika. Lidwina, mpenzi wa Devota, akawahi kusema tunajiandaa kucheza lizombe, ngoma ya Wangoni, harusini. Bibi akatutazama, akasikitika. Vijana wa leo hatujui lizombe! Akajifunga khanga vizuri, akaanza kutupanga. Akaukamata mkono wa Aidan, akauweka kiunoni kwangu, akaamuru tusogeleane.

Nilichokililia tangu Pasaka! Lakini mkono ulikuwa mgumu kama ubao, na Aidan alitazama chini. Hakuulizwa. Sikufurahi hata kidogo, niliona aibu. Na kama Bibi angeelewa alichokiona, tungekwisha sote. Aliyemkaribisha ni mimi.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Nimesali Devota asinifukuze. Sina sebule nyingine ninayopumua. Jioni kapiga simu. Nirudi, ila mlango nisiujibu tena maisha yangu yote. Egidi kaniletea dawa ya goti. Bado simpendi.

Jumatano, 11 Juni

Nikasimama mbali na Aidan. Kiganja wazi. Hodi. Kimya. Nikamwomba radhi kwa Jumamosi, na kwa goti la uongo. Hodi. Kimya. Hodi ya tatu ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. Nilikuwa nageuka aliposema karibu.

Tukacheza taratibu, kiganja kwa kiganja, basi. Akaniambia ndiyo mara ya kwanza nimemngoja. Nililia. Egidi naye alilia. Yeye analilia nini?

Alhamisi, 12 Juni

Somo nimelielewa lote. Mtu huulizwa kwanza! Kwa hiyo asubuhi nimekwenda kwa mwenye nyumba wangu, Mzee Mathias, nikamwuliza kwa heshima kama binamu yangu seremala anaweza kuhamia kwangu Julai. Amekubali. Chumba nimeshakipaka rangi ya kijani.

Aidan bado hajui. Nitamwambia kirikuu, kile kigari cha mizigo, kikishafika kwake kuchukua kitanda.