Mlio wa Utanizoea

Jumatatu, 23 Juni 2025

Nimefutwa. Kwa mate! Masatu, mwenyekiti wa kijiwe chetu cha bodaboda hapa Musoma, amelamba kidole gumba na kulifuta jina langu kwenye ubao wa zamu, watu wote wakitazama. Miaka sita nimekuwa namba tisa. Kidole kimoja tu, kwisha.

Kosa langu? Pikipiki yangu haina kelele. Ni ya umeme. Niliuza ya petroli mwezi wa tatu nikanunua hii, nikadhani watanipigia makofi. Badala yake wanasema natokea kama mchawi. Wiki iliyopita nilimgusa mwalimu wa kwaya kisigino alipokuwa anavuka barabara, akadondosha sinia zima la maandazi. Kumgusa tu! Wiki ya juzi alikuwa mbuzi. Mbuzi hakulalamika.

Masatu amechukua na kizibao changu cha njano. Amesema Jumapili kuna kikao. Nije na pikipiki inayosikika, la sivyo namba tisa anapewa mtu mwingine. Gody, yule aliyekata ekzosi yake ili asikike mpaka ng'ambo ya ziwa, akashauri nifunge makopo ya rangi nyuma kama gari la harusi. Walicheka mpaka abiria wawili wakaamua kutembea kwa miguu.

Bila namba sina kijiwe, na bila kijiwe sina kazi. Dorah, mke wangu, ameuliza kizibao kiko wapi. Nikamwambia nimekianika. Akaitazama kamba. Ilikuwa tupu. Akaingia jikoni.

Makopo sifungi. Watanijua mimi ni nani.

Jumanne, 24 Juni

Bunda, kwa basi. Nimekwenda Manyamanyama kwa Luqmani, fundi simu. Tangu mwaka jana ananieleza habari za tokeni na blokucheni, nami nilikuwa naitikia tu ili anirudishie simu yangu. Leo nimesikiliza.

Anasema blokucheni ni daftari. Nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi duniani, na kikishaandikwa kitu humo hakifutiki. Nikamwuliza, hata na mwenyekiti? Akasema hata na mwenyekiti. Nikamwuliza, hata kwa mate? Akaniuliza mate ya nani.

Palepale akili ikafunguka! Nitarekodi injini moja, injini ya heshima. Nitauingiza mlio wake kwenye daftari hilo kwa jina langu. Nitaugawa katika tokeni kumi na nne, yaani vyeti vya kwenye simu, moja kwa kila mwendeshaji wa kijiwe, nikiwemo mimi. Mwenye tokeni ana ruhusa ya kuupiga mlio huo kwenye chombo chake, na ana kura katika mambo yote yanayohusu mlio. Luqmani atanifungia spika chini ya kiti na waya kutoka kwenye mkono wa mafuta. (Hakuna mafuta, lakini mkono bado tunauita hivyo.) Nikivuta, mlio unapanda. Nikiachia, unashuka.

Siku moja pikipiki zote zitakuwa za umeme, zote bubu. Watautafuta mlio. Na mlio utakuwa kwa nani? Kwa aliyefutwa kwa mate!

Jumatano, 25 Juni

Sasa injini ipi? Sikufikiri hata dakika. Utanizoea, lori la Leodgar wa Butiama. Lori kuukuu hilo, jina limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kioo, na ngurumo yake inasikika kabla hujaona vumbi. Honi ilishakufa zamani, na Leodgar hajahangaika kuitengeneza, maana haihitaji. Kila Ijumaa saa kumi anakwenda kubeba dagaa ufukweni, upande wa Nyegina. Akina mama wakilisikia linapanda kilima tu, wanazoa dagaa wao, wanajaza magunia, wanakimbilia barabarani. Leodgar hasubiri mtu.

Jana nilimpigia simu kwa adabu zote. Nikamwomba anipe mlio. Akauliza kama nimekunywa. Nikasema sijanywa. Akasema basi hiyo ni mbaya zaidi, akakata.

Kwa hiyo leo asubuhi nimekwenda Butiama mwenyewe. Nilijua kitu kimoja: lori la uzee ule huunguruma nusu saa nyumbani kabla ya kutoka. Leodgar akawasha, akaingia ndani kunywa chai. Nami nikaingia chini ya lori, mgongo chini, simu kifuani. Oili ikanidondokea sikioni. Nikavumilia. Mlio ulikuwa unanitikisa meno. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Sikumhesabu Bi Getruda, mama yake Leodgar. Alitoka kuwatupia kuku pumba, akaona viatu. Bibi yule ana sauti! Akapiga kelele kwamba nitoke chini ya gari, na akaongeza neno kuhusu umri wangu ambalo sitaliandika. Nilitokea upande wa pili. Fagio lilinipata mara moja tu, begani.

Simu ni nzima. Ushindi!

Alhamisi, 26 Juni

Bunda tena, safari hii na pikipiki. Luqmani amenisifu. Amesema mlio ni mzito, ila mwishoni kuna mwanamke. Akamkata. Nikawa na mafaili mawili, lenye bibi na lisilo na bibi, yote yakiitwa Utanizoea.

Akataka kuliingiza lile lisilo na bibi kwenye daftari yeye mwenyewe. Nikakataa katakata. Mwenye mali ni mimi, nitabonyeza mimi. Alikuwa amegeuka kumhudumia mteja aliyetumbukiza simu kwenye uji. Nikatazama mafaili. Moja kubwa, moja dogo. Nikabonyeza kubwa. Mtu hachagui dogo akiwa na kubwa.

Tokeni kumi na nne zikatoka! Nikamtumia kila mtu wa kijiwe ya kwake. Wote wamepokea, hata Gody, ambaye kitu cha bure hakijawahi kumpita. Luqmani akafunga spika na waya, akaupakua mlio kutoka kwenye daftari hilohilo. Tukajaribu uani kwa sekunde kumi. Kuku watano wakaingia dukani, na jirani akauliza lori linageuza wapi.

Nimerudi Musoma pikipiki ikiwa juu ya basi. Dorah ameuliza tena kizibao. Nimemwambia avute subira. Akasema amevuta tangu tufunge ndoa.

Ijumaa, 27 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa sababu niliapa kuandika kila kitu.

Asubuhi nilipata fundi muashi anayekwenda Nyegina. Nikaona hii ndiyo safari ya majaribio. Nikawasha mlio. Jamani! Ng'ombe walipisha. Baiskeli zilipisha. Gari dogo la watu wenye tai lilikaa pembeni likitafuta lori kwenye kioo. Muashi alishika mabega yangu kama anayeshika nguzo. Tukapanda kilima saa tano kamili, mimi nimevuta mkono mpaka mwisho.

Saa tano, si saa kumi. Hapo ndipo nilipokosea, kama ni kukosea. Tuko kwenye giza la mwezi, usiku wote wavuvi walikuwa ziwani, na dagaa walikuwa wametoka kumwagwa mchangani. Wabichi, wanang'aa. Akina mama wakasikia Utanizoea. Hawakuuliza. Wakasema leo limewahi! Wakazoa dagaa wabichi pamoja na mchanga, wakashindilia kwenye magunia, wakapanda mbio. Tulipotokea kwenye kona, walikuwa zaidi ya thelathini, wamejipanga barabarani, wanahema, maji yanachuruzika kwenye magunia.

Wakaniona mimi. Na muashi.

Nikajaribu kutabasamu. Na hapo mlio ukafika mwisho wake. Spika ikapaza sauti, kilima kizima kikasikia: "Toka chini ya gari, mtu mzima hovyo wee!" Muashi aliruka pikipiki ikiwa inatembea. Baadaye ameniambia alidhani anaambiwa yeye.

Mama Hilda ndiye kiongozi wao. Mwanamke mpana, mpole, na upole wake leo ulikuwa umebaki nyumbani. Akaniuliza kama kwetu hatulagi dagaa. Nikamweleza habari za tokeni. Akasema, "Tulikuwaga tunajua gari ni gari. Wewe umetuletea nini sasa?" Wakarudi kumwaga upya, dagaa wamevunjika vichwa. Wamenifanya niokote nao mpaka saa nane. Mgongo hauna hali.

Lakini ubaya haukuishia hapo. Saa kumi Utanizoea mwenyewe akapanda kilima. Hakuna aliyeinua kichwa. Walisema ni yule tena. Leodgar akaona barabara tupu, akajua hakuna mzigo, akapita zake. Dagaa wa wiki nzima wamebaki ufukweni.

Sasa mniambie, kosa ni la nani? Mlio ulikuwa sahihi kabisa! Hakuna rekodi bora ya injini iliyowahi kufanyika mkoa huu.

Jumamosi, 28 Juni

Nimempigia Luqmani mapema. Nikamwambia afute. Akaniuliza afute nini. Nikamwambia bibi. Akanikumbusha polepole kila kitu nilichomwuliza Jumanne. Hakifutiki. Hata na mwenyekiti. Hata kwa mate.

Kwenye daftari la dunia sasa imeandikwa: Baltazar wa Musoma, mmiliki wa mlio, "mtu mzima hovyo". Nakala zote.

Kijiweni wote kumi na watatu wameuweka kwenye simu zao. Nimepita kwa mbali, nikasikia simu tatu zikiita kwa pamoja. Bi Getruda mara tatu! Gody alikuwa amekaa chini kwa kicheko, anajifuta machozi na kofia. Na haki ya kuupiga anayo, nimempa mwenyewe.

Dorah ameusikia sokoni. Amerudi, ameweka kikapu, amecheka dakika nzima akiwa amesimama. Halafu akakaa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kazi ipo au haipo. Hapo nikaona aibu, sifichi. Nikamwambia nitajua kesho. Akasema jambo hilo angeambiwa Jumatatu, angenisaidia hata kuwaza.

Jumapili, 29 Juni

Kikao. Baada ya ibada, wote wamevaa mashati ya kanisani. Walikuja pia Leodgar na Mama Hilda. Leodgar alinitazama miguu, akasema viatu ni vilevile alivyosimuliwa na mama yake.

Masatu akasoma mashtaka. Kimya kwa mwalimu wa kwaya, kelele kwa akina mama. Akasema hajawahi kuona mtu anayekosea kwa kutosikika na kwa kusikika wiki moja. Gody akapendekeza namba tisa ifutwe moja kwa moja. Nilimwona Dorah amesimama nyuma, karibu na mti wa uzio, mkono mdomoni.

Mama Hilda akaomba kusema. Akasema wao hawataki mtu afukuzwe, wanataka dagaa wabebwe. Kesho lori litarudi kuchukua mzigo uliobaki, na akina mama hawauamini tena mlio. Basi nani atawaambia kuwa hili ndilo lenyewe? Akanyoosha kidole kwangu. Mdomo wake upo, akasema, na tunaujua sasa.

Hukumu: kesho, na kila Ijumaa, nitatangulia mbele ya Utanizoea, nipande kilima, nipige kelele kwa koo langu kwamba gari limekuja. Pikipiki nifunge kengele ya baiskeli, nipige kila kona. Nisirudie kupiga mlio wa gari barabarani. Kengele ikikosekana hata siku moja, namba tisa imekwenda.

Nikapinga! Nikasema jambo linahusu mlio, na kwa mlio kuna tokeni, na mwenye tokeni ana kura. Nikataka kura ipigwe kwenye simu, kwa utaratibu. Wakapiga. Kumi na tatu kwa moja. Lazima niseme mfumo ulifanya kazi vizuri sana.

Masatu akachukua chaki, akaandika jina langu. Akanirudishia kizibao. Dorah alikipokea kabla yangu.

Jumatatu, 30 Juni

Nimepanda kilima mbele ya Utanizoea, nimepiga kelele mpaka koo likapasuka. Akina mama wametoka na magunia makavu. Mama Hilda amenipa kifurushi cha dagaa, wachache wana vichwa. Leodgar amenipa mkono. Anasema mama yake amesikia yuko kwenye kompyuta za dunia nzima na anataka kujua kwa nini yeye hana tokeni. Nimemtumia ya kwangu.

Dorah amefua kizibao. Kiko kwenye kamba, safari hii kweli.

Jioni nilipita gatini. Kivuko cha Kinesi kilikuwa kinatia nanga. Nikasimama, nikasikiliza. Ile ngurumo ya chini! Inaingia kwenye nyayo, inapanda magotini. Watu walioketi kwenye mizigo wakainuka wote kwa pamoja, wakajipanga mstari, hata mlango haujafunguliwa. Kwa kuusikia tu!

Hukumu ilisema gari. Nimeusoma muhtasari wa kikao mara mbili. Kivuko hakina matairi. Fikiria mlio ule kwenye pikipiki, hapahapa karibu na gati. Abiria wataamka wenyewe na kunifuata.

Luqmani hajibu simu. Atajibu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi niko gatini na simu iliyojaa chaji. Kengele nimeifungua na kuiacha mezani, maana ingeharibu rekodi.