Shali ya Mama ya Kwendea Lushoto

Jumanne, 10 Juni
Mama anahamia Lushoto Jumapili, kwa kaka Amin, kwenye baridi ya milimani. Dada Adila kamnunulia koti zito. Kila mtu akamsifu! Nikashindwa kuvumilia. Nikatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba mimi, Mwaija, nitamfumia shali ya sufu kwa mikono yangu, kwa mtindo wa zamani: vitanzi vitatu shingoni, halafu inapanuka ikishuka mpaka ifunike mgongo. Mama akatabasamu. Adila akauliza nilijifunza lini kufuma. Nikasema zamani.
Sijawahi kushika sindano za kufumia.

Jumatano, 11 Juni
Kwa Mama Gertruda, jirani yetu, mwalimu mstaafu kutoka Mbinga. Mfumaji hasa. Akanipa uzi, sindano na onyo: kila mstari wa pili niongeze vitanzi vinne, viwili pembeni, viwili katikati ya mgongo. Na kwanza nijizoeze wiki nzima. Wiki! Nimeanza papo hapo. Sufu mapajani na joto hili la Bagamoyo! Jasho mpaka kwenye kope.

Alhamisi, 12 Juni
Nilisahau kuongeza. Nimepata kitu cha vitanzi vitatu upana, urefu wa mkono mzima. Mume wangu Abdullatif kauliza, kwa adabu, kama ni kamba ya mbuzi.
Mpango mpya. Mama Gertruda afume kwake, mimi nikae barazani na sindano, nionekane. Alikataa. Nikalia, machozi ya kweli. Akakubali.

Ijumaa, 13 Juni
Jioni Mama kapita. Nikamwambia shali imebaki pindo tu, naificha asiione kabla ya siku. Akafurahi. Akasema basi, anakwenda kumuaga Mama Gertruda. Nilipiga mbio! Nimechelewa. Mama keshamkuta na shali nzima mapajani.
Akatuaga, akaenda zake. Bora angenigombeza.

Jumamosi, 14 Juni
Mama kaja na shali, sindano bado zimo. "Haya mwanangu, nionyeshe."
Nikafuma vitanzi sita. Vinane vikachomoka. Nikakiri yote: nilihofia aende na koti la Adila mwilini, mimi anisahau. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe anajua kufuma! Alifundishwa kliniki nikiwa tumboni. Sweta yangu ya kwanza aliifuma yeye, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Akaokota vitanzi vyangu, akanishika vidole. Tumemaliza pindo pamoja, polepole. Sikutaka liishe.

Jumapili, 15 Juni
Mama kaondoka asubuhi, shali juu ya koti. Nimelia stendi bila haya.
Saa kumi Amin kapiga simu. Wamefika salama. Mkewe, Ashatu, kaipenda shali, na majirani wanauliza kaifuma nani. Mama kawajibu, "Mimi na Mwaija wangu." Hapo nilitaka kueleza ukweli wote. Wallahi nilitaka! Nikajisikia nasema shali nyingine nne, za Ashatu na majirani, ziko karibu kwisha, wazitarajie Ijumaa.
Nimebisha kwa Mama Gertruda. Redio inaimba, mlango haufunguki. Nitajaribu dirishani.