Fungate Yetu ya Kimisheni

Jumapili, 3 Mei

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Mume wangu! Naandika maneno haya kila siku na bado kalamu inatabasamu. Leo ibadani alinishika kidole kidogo chini ya kitabu cha nyimbo, kuanzia matangazo mpaka baraka. Nilisikia kengele. Si za kanisa.

Katikati ya kengele zangu, Mzee Ajenda akasimama. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya misheni. Hata salamu huzisoma kwenye karatasi. Akatangaza kwamba mwaka huu usharika unapeleka watu wawili ng'ambo, wiki tatu, kwenye zahanati tunayoisaidia mwaka wa tisa sasa. Fundi bomba mmoja na mtu wa kusaidia wodini. Akaingia kwenye masharti, lakini hapo laazizi akabana kidole, nami sikuwa duniani tena.

Watu wawili! Sisi ni wawili! Na mume wangu ni fundi bomba! Kama huu si mkono wa Bwana, basi Bwana hana mikono.

Maana fungate yetu, ewe daftari, unaijua. Siku saba katika chumba cha nyuma, nyumbani kwa mama mkwe, ukuta wa ubao mwembamba. Nikipiga chafya, mama mkwe ananitakia afya kutoka sebuleni. Laazizi akininong'oneza maneno matamu, mama mkwe anauliza kama tumesema tunataka chai. Ni mwema sana. Ndiyo shida yenyewe. Mtu mwema humwambii atoke.

Wiki tatu ng'ambo! Bahari kati yetu na ule ubao!

Jumatatu, 4 Mei

Nimejaza fomu mbili dukani ninakofanya kazi, kati ya fotokopi na fotokopi. Kwa upande wake niliandika kwamba mabomba humtii kama kondoo. Kwa upande wangu, penye uzoefu wa wodi, nikaandika kwamba nimeuguza. Kweli tupu. Wiki iliyopita alipata mafua, nikamshika paji la uso siku mbili mfululizo.

Penye sababu ya kutaka kwenda: mzigo wa roho za watu. Nikasita. Nikaongeza: na upendo. Hapo hakuna uongo hata chembe.

Laazizi akaniuliza kama nimesoma masharti yaliyo nyuma ya fomu. Nikamwambia mapenzi hayasomwi kwa nyuma. Akacheka. Ule mwanya wake! Nikasahau alichouliza.

Jumatano, 6 Mei

Miguu yangu! Kumbe kwetu anayetaka kwenda mbali huanzia karibu. Mzee Ajenda alitupeleka nyumba ya wazee, ile misheni yetu ya hapa hapa, nyuma ya soko. Blanketi arobaini. Makarai mawili. Unavua viatu, unakanyaga.

Kwenye karai la pili alikuwemo Mama Soprano, kiongozi wa kwaya. Mjane. Alikwenda ng'ambo mara moja, na tangu hapo hakuna sala anayoomba bila kuipitisha uwanja wa ndege. Naye amejaza fomu! Alikanyaga huku anaimba. Nikakanyaga kwa kasi zaidi. Akapandisha sauti. Nikapandisha magoti. Povu lilifika dirishani.

Bibi mmoja mwenye kiti cha magurudumu akaniita mjukuu wangu, akataka kujua kama ninafua kwa ajili yake au kwa ajili ya ndege. Nikasema kidogo huku, kidogo huku. Akasema basi nizidi kukanyaga upande wa ndege, huo ndio mchafu.

Laazizi alinikanda miguu jioni. Mama mkwe akatuma mafuta ya mchaichai kwa kupitia juu ya ubao.

Alhamisi, 7 Mei

Msiba! Majina yametoka. Mume wangu kachaguliwa! Na wa pili ni Mama Soprano!

Nikamkimbilia Mzee Ajenda, nikamwambia fomu yangu imepotea bila shaka. Akasema haikupotea, anayo, na imewachekesha sana. Ila sharti la saba linasema mume na mke hawatumwi pamoja. Wameliweka tangu mwaka ule walipopeleka maharusi wapya, wakarudi na picha mia mbili za machweo na bila jina la mgonjwa hata mmoja. Akaniambia Jumapili sharti lilisomwa mimbarani mara tatu. Nikajua kidole changu kilikuwa wapi mara zote tatu.

Wiki tatu bila yeye! Na Mama Soprano! Najua, ana miaka hamsini na mitano na kisukari. Lakini moyo wa mwanamke anayempenda mtu hausomi vyeti vya kuzaliwa.

Laazizi anasema atakataa. Mchungaji anasema Yona naye alikataa.

Ijumaa, 8 Mei

Mpango mpya. Asipoonekana fundi hodari, hatapelekwa. Nikachukua spana yake, nikaenda kanisani saa tisa alasiri. Katika ofisi ya usharika kuna sinki alilolifunga mwezi jana. Nilitaka tone tu. Tone moja la kutia shaka.

Nati iliruka kama panzi! Maji yakapiga dari, yakalowanisha kabati la kamati, yakatoka mlangoni kuelekea chumba cha kwaya. Mama Soprano ndiye aliyewahi mazoezi. Aliteleza kutoka mlangoni mpaka kwenye kinanda, kwa sauti ambayo ibadani hajawahi kuifikia. Goti limevimba kama papai. Nililia kweli. Nilimbebea mkoba wake mpaka hospitali, bila kuungama.

Laazizi aliitwa. Dakika kumi, maji kimya. Wazee wa kanisa walimpigia makofi. Mchungaji akamfananisha na Musa! Jina lake limepanda badala ya kushuka!

Nyumbani akaniuliza, taratibu, spana yake inatafuta nini ndani ya mkoba wangu, kando ya manukato. Nikaungama. Akanikumbatia akasema kesho nitakwenda kuungama na kwa mwenye goti. Upande wa pili mama mkwe akauliza nani analia.

Jumamosi, 9 Mei

Nimeungama kwa Mama Soprano. Kaniita mwendawazimu, kisha akaniagiza nimkune kisigino asichokifikia.

Halafu tukaanika karatasi za kamati juu ya viti vya kanisa, moja moja. Kati yao bahasha kutoka zahanati ya ng'ambo. Ilifika Februari. Haikuwemo kwenye ajenda, kwa hiyo haikufunguliwa.

Mchungaji aliisoma kwa sauti. Wanatushukuru sana kwa mapenzi yetu. Ila mafundi bomba wanao, sita, na wawili hawana kazi. Mwaka huu wangeomba mkunga mzoefu, na mtu wa kufua blanketi za wodi.

Mzee Ajenda akageuza karatasi yake nyuma, kama vile jibu lingekuwa huko.

Fundi hahitajiki! Mume wangu abaki! Nilimkumbatia Mzee Ajenda kabla hajawahi kujikinga.

Jumapili, 10 Mei

Wametangaza. Mkunga: mama mkwe. Miaka thelathini ya kuzalisha, nani mwingine? Nilishangilia kuliko wote. Nyumba yote itakuwa yetu! Nilikwisha kuung'oa ule ubao kichwani mwangu!

Mfuaji: mimi.

Ilikuwa zamu ya Mama Soprano, lakini goti. Na yule bibi wa kiti cha magurudumu ametuma neno kwamba mjukuu wake ana miguu ya kazi. Nikauliza kuhusu sharti. Mzee Ajenda akalisoma tena: mume na mke. Mkwe na mkamwana halikuwataja.

Mama mkwe alinikumbatia machozi yakimtoka. Kasema tutalala chumba kimoja, atanisimulia uzazi mmoja mmoja.

Laazizi akaninong'oneza kwamba ningefungua kabati la kamati badala ya sinki, wangekwenda mama yake na Mama Soprano, na sisi tungebaki na nyumba nzima wiki tatu. Akasema nijifunze. Nikaapa nimejifunza. Jinsi alivyonifuta machozi kwa kidole gumba! Mungu wangu!

Jumatatu, 11 Mei

Nimejifunza. Makosa yangu ni kwamba sikusoma masharti. Leo nimeyasoma yote, mara mbili, na yamenifungua macho. Mahali popote hapajaandikwa kwamba mkunga lazima awe mwanamke.

Nimepiga fotokopi ya fomu mpya, nimemjazia laazizi. Ukunga: miaka mitano. Na penye uhusiano na mfuaji nimeandika kaka yake. Ibrahimu alimwita Sara dada yake mara mbili, na wakapata mtoto.