Kizibao cha Burgi

Jumamosi, 14 Januari

Nyuzi tisa chini ya sifuri. Supu ya matonge ya ini. Msiba mezani.

Burgi ametangaza, huku akinipakulia, kwamba mwaka huu haendi. Kasema kirahisi tu, kama anayesema chumvi imekwisha. Nikajifanya sijaelewa, haendi wapi? Akasema wewe Korbinian, acha hizo, unajua fika ni wapi.

Bondeni! Jumamosi ya mwisho ya Januari, mkutano wa pikipiki mia nne kwenye theluji, mioto, soseji, kulala kwenye hema juu ya nyasi kavu. Tumekwenda miaka thelathini na mmoja, yeye nyuma, mimi mbele. Tulikwenda hata mwaka ule alipokuwa na mimba ya mtoto wetu Vroni, na mama mkwe hakunisemesha mpaka Pasaka. Sasa eti vidole vyake vimekataa. Vikipigwa na baridi vinageuka vyeupe pee. Eti niende na Lois wa jirani.

Nikajibu sawa, tena afadhali, nitapata nafasi ya kujinyoosha. Uongo mtupu. Bila Burgi mgongoni sijui hata kukata kona. Lakini mwanamume wa miaka sitini na minne hawezi kutamka maneno kama hayo mbele ya supu.

Kulia ni kazi bure. Nina mpango.

(Kidole gumba cha kulia bado hakina hisia tangu Januari iliyopita. Hakuna anayejua.)

Jumatatu, 16 Januari

Mjini, duka la nguo za pikipiki. Muuzaji ni binti aitwaye Ottilie, mpole, mwenye maswali mengi kuliko daktari.

Kumbe nguo za kupasha moto ziko za aina mbili! Za kwanza zina betri ndogo ya mfukoni: unavaa, unabonyeza, basi. Za pili zina waya unaochomekwa kwenye betri ya pikipiki. Hizo zina moto wa kweli, lakini pikipiki iwe na nguvu ya kuzilisha. Ottilie akauliza dainamo ya pikipiki yangu inatoa wati ngapi. Nikakohoa. Resl, pikipiki yangu, ana miaka arobaini na mmoja. Alipokuwa mpya alitoa wati mia mbili na themanini. Nikasema wati ni nyingi tu, tuendelee.

Nimechukua jaketi la waya kwa ajili yangu, na kizibao cha betri kwa ajili ya Burgi. Mpango: nitasema walikosea saizi, kizibao hakirudishwi, bahati mbaya iliyoje, labda ajaribu yeye. Lazima iwe hivyo. Burgi hapokei zawadi za kudekezwa. Nilipomnunulia kiti cha kukanda mgongo alimpelekea padri.

Mpango safi. Nimejipongeza kwa bia moja.

Jumanne, 17 Januari

Majaribio, gerejini. Nimevaa jaketi, nimechomeka kwa Resl, nimewasha injini. Dakika kumi. Hakuna kitu! Nimeongeza joto hadi mwisho. Hakuna kitu! Nikampigia Ottilie kwa hasira, nikamwambia ameniuzia jaketi lililokufa.

Akauliza kwa upole ndani nimevaa nini. Nikasema fulana, shati, sweta, na sweta lingine la sufu aliloniachia marehemu baba. Kisha akasema Mzee Haslinger, jaketi hilo linakaa karibu na ngozi, juu ya fulana moja nyepesi, na hayo masweta yanakuja juu yake. Kwa namna ulivyovaa unapasha moto gereji.

Nimevaa upya. Ewe Mola! Joto lilianzia kiunoni, likapanda mgongoni, likafika shingoni. Nilifumba macho. Nikaona kiangazi. Hapo Burgi akaita kwamba kahawa tayari, nami nikatoka mbio, nikiwa bado nimechomekwa.

Waya ule ni imara sana. Resl alinifuata hatua moja, kisha akalala chini. Kioo cha kushoto kimevunjika. Nimemwambia Burgi ni upepo. Akauliza upepo gani, ndani ya gereji iliyofungwa?

Jumatano, 18 Januari

Nimempa kizibao. Hotuba yangu ilikuwa nzuri: saizi imekosewa, hakirudishwi, bahati mbaya iliyoje. Burgi akakigeuzageuza, akasema kina maua kifuani. Nikasema ndiyo, nami nimeshangaa.

Akashukuru! Akaenda nacho jikoni! Nilikaa sebuleni nikitabasamu peke yangu.

Jioni nimekuta kizibao kimevalishwa beseni la unga. Zipu imefungwa hadi juu, taa nyekundu inawaka. Anasema hamira haijawahi kumwendea vizuri namna hii tangu Novemba. Mkate ulipanda kweli, siwezi kukataa. Nimekula vipande vinne kwa uchungu.

Jumamosi, 21 Januari

Lois.

Alois Zirngibl, jirani yetu, fundi bomba mstaafu, mjane, masharubu. Amekuja kuonyesha pikipiki mpya. Amezunguka nayo uani mara tatu ili niione pande zote. Usukani wa moto. Kiti cha moto. Kiti cha nyuma pia cha moto, na hicho amekipigapiga kwa kiganja akimwangalia Burgi. Eti Burgi, mambo ya kuganda yamepitwa na wakati, njoo Bondeni na mimi, utakaa kama umekalia jiko la vigae la kupashia nyumba.

Burgi akacheka. Hakusema ndiyo, lakini alicheka, na alikigusa kile kiti!

Nikamwambia Lois kwamba kiti cha moto ni cha watu wenye bawasiri. Akasema basi kitakufaa wewe. Burgi akacheka tena. Huyu mtu nilimwazima msumeno wangu miaka miwili iliyopita na hajaurudisha.

Kabla ya kuondoka akaniuliza kwa sauti ya chini, bila mzaha, kama kweli Burgi haendi. Nikasema nalishughulikia. Akaona kizibao kwenye beseni, dirishani mwa jikoni. Akasema Korbi, betri zile kwenye baridi ya Bondeni zinakata roho baada ya saa moja na nusu, mnunulie za waya. Sikutaka ushauri wake. Nimeuandika hapa ili nisiusahau.

Jumatatu, 23 Januari

Mjini tena. Jaketi la waya la kike, glavu za waya za kike, glavu za waya za kwangu. Ottilie akang'ang'ania wati. Bila wati haniuzii. Nikasema mia saba. Ilinitoka tu! Akaniangalia. Akauliza pikipiki ya mwaka gani. Nikasema imetunzwa vizuri.

Hesabu, nyuma ya risiti: Resl 280. Taa na injini zinakula 100. Zinabaki 180. Mimi jaketi na glavu, 115. Burgi jaketi na glavu, 115. Jumla 230. Pungufu 50.

Lakini barabara ya Bondeni ina miteremko mingi. Kwenye mteremko injini inazunguka kwa kasi, umeme unakuja wenyewe. Nimeridhika.

Jumatano, 25 Januari

Nimefumaniwa. Siyo kwa glavu nilizoficha gerejini. Kwa kifungo.

Asubuhi nilikuwa nahangaika kufunga kifungo cha shingoni, kidole gumba hakikisikii. Burgi alisimama mlangoni, sijui tangu lini. Akaja, akakifunga. Kisha akakishika kile kidole, akakibinya kwa kucha, kwa nguvu. Akauliza kama nasikia. Nikasema ndiyo, kama kawaida. Akasema Korbinian, nimeshaachia.

Tulikaa kitandani. Akasema tangu Januari iliyopita alikuwa anajua. Kwenye kituo cha mafuta cha njia ya Bondeni nilimvua glavu zake zilizolowa, nikamvisha zangu, nikamwambia mimi sisikii baridi, nimezaliwa Februari. Kufika nyumbani sikuweza kushika kijiko. Alinilisha supu siku tatu, na mimi nikamwambia ni mafua. "Mafua ya vidole! Unaniona mtoto?" Akasema haogopi vidole vyake. Vyake vinageuka vyeupe halafu vinarudi. Vyangu havikurudi. Na akiwa nyuma yangu, nitamvisha tena glavu zangu, kwa sababu mimi ni mjinga na sibadiliki. Kwa hiyo hatapanda. Asipopanda yeye, nitabaki na glavu zangu.

Nikaenda gerejini, nikaleta mafurushi yote, nikayaweka kitandani. Nikamwambia ukweli: bila wewe nisingekwenda. Ningezunguka kijiji mara mbili na kurudi nyumbani kununa.

Aliishika glavu ya waya muda mrefu. Akasema hila ya kizibao cha maua aliijua tangu sekunde ya kwanza. Kisha akatoa sharti. Atakuja, ila niape mbele ya picha ya mama kwamba nitabaki nimechomekwa mwanzo hadi mwisho. Nimeapa. Anakuja! Burgi anakuja!

Picha ya mama nimeigeuzia ukutani kwa muda. Kwa tahadhari tu.

Jumamosi, 28 Januari

Bondeni. Naandika nikiwa nimekaa juu ya nyasi kavu, kalamu naishika kwa ngumi.

Tumeondoka saa tatu asubuhi. Nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Lois nyuma yetu na kiti chake. Burgi kachomekwa, mimi nimechomekwa, joto tele, nikaimba ndani ya helmeti. Kilomita ya kumi na nane: taa nyekundu ya dainamo. Nikangoja mteremko. Mteremko ukaja. Taa ikabaki nyekundu. Mteremko mwingine. Nyekundu vilevile! Injini ikaanza kukohoa.

Nikaingia kituo cha mafuta, kilekile. Nikasema naenda msalani, nikafikiri humo. Nimeapa. Lakini niliapa nibaki nimechomekwa, sikuapa kwamba Resl azime njiani na mke wangu agande msituni. Niliporudi Burgi alikuwa anarekebisha helmeti yake, kageukia upande mwingine. Nikachomoa waya wangu harakaharaka, plagi nikaitia mfuko wa kulia wa koti la juu. Akauliza kama nina joto. Nikasema kama tanuri. Nikamuuliza yeye. Akasema anatoka jasho.

Taa ikazimika! Nilijisifu kilomita nzima. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa.

Baridi ilinipata kwenye daraja la kwanza. Siielezi. Lakini kidogo baada ya daraja, Burgi akafanya jambo ambalo hajalifanya kwa miaka ishirini na zaidi. Alivua glavu, akatia mikono yake miwili kwenye mifuko yangu. Hivyo ndivyo tulivyokwenda mara ya kwanza, alipokuwa hana glavu hata moja na mimi sikuwa na hela ya kumnunulia. Kisha mwaka baada ya mwaka tukanunua glavu nzurinzuri, na mikono haikuhitaji tena mifuko yangu. Nikashangaa. Ana glavu za moto, anataka nini mifukoni mwangu? Sikuuliza. Nilihisi ngumi zake tumboni, na kwa saa nzima nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Machozi yaliganda kwenye kope, na hilo ni la kweli.

Tukafika. Nikashindwa kuachia usukani. Lois alikuja kunibandua kidole kimojakimoja. Burgi akashuka, akatoa mkono mfukoni mwangu, akaufungua mbele ya uso wangu. Plagi yangu. Alikuwa ameishika tangu darajani.

"Na hiki nini, tanuri?"

Nikafungua mdomo kusema ni ya akiba. Lois akaniwahi. Akasema jamani mimi nimekuwa nyuma yenu njia nzima na sikutaka kuingilia ya watu, lakini wewe Burgi, waya wako unapepea mgongoni tangu kituo cha mafuta. Eti alidhani ni fasheni.

Tukageuka wote. Kweli! Unaning'inia! Aliiona taa nyekundu akichungulia juu ya bega langu, na nilipokuwa msalani alichomoa wa kwake, ili wangu usizime.

Nguo za moto za watu wawili, kilomita tisini, na tangu kituo cha mafuta hakuna aliyepashwa hata ukucha. Betri ya Resl imefika imejaa pomoni.

Burgi alianza kucheka mpaka akakaa kwenye theluji. Watu wa mioto mingine wakaja kuona. Kisha akaacha kucheka, akanishika mashavu, akasema mimi ni mjinga, na yeye ameolewa na mjinga kwa sababu ni mjinga zaidi. Vidole vyake nilivitazama. Vilikuwa vyekundu. Vyekundu kabisa, hata cheupe kimoja hakikuwapo!

Amenilisha supu kwa kijiko. Lois ameshika bakuli. Ameniruhusu nikalie kiti chake dakika kumi. Ni kizuri, lakini sitamwambia.

Jumapili, 29 Januari

Nyumbani salama. Tumerudi bila waya wowote, mikono yake mifukoni mwangu njia nzima. Gumba limeanza kuuma tangu asubuhi, linachoma kama pilipili. Nimefurahi sana. Kinachouma kinasikia.

Burgi ameniketisha mezani akaniapisha upya: hakuna siri tena, hakuna hila, hakuna kununua kitu kwa kujificha. Nimeapa kwa moyo wote. Yeye mwenyewe ameigeuza picha ya mama, ikanitazama. Sasa kizibao kipo kwenye beseni, mkate wa kesho unapanda.

Nimefikiri njia nzima. Tatizo halikuwa glavu, wala jaketi. Joto lote lilikuwa mifukoni! Kwa hiyo kinachotakiwa ni koti lenye mifuko ya moto, mikubwa, inayoingia mikono miwili ya mtu mwingine. Kesho Burgi akienda kwa Vroni nitampigia Ottilie. Burgi nitamwambia ni la mgongo wangu.

Ottilie akiuliza wati, nitasema mia nane.