Kanuni ya Theluthi na Nguzo ya Mzee Fuimanuola

Jumatatu, 2 Oktoba

Leo nimezaliwa upya. Mimi Fetuao, mwanafunzi wa kidato cha tano, sasa ni msanii. Mwalimu Perelini wa somo la picha ametangaza kwamba kamati ya kanisa inataka picha moja kutoka darasani kwetu, iwe jalada la kalenda ya mwaka ujao. Kalenda hiyo hutundikwa kila nyumba hapa kijijini na hutumwa mpaka kwa ndugu walioko ng'ambo, Auckland. Na si hayo tu! Mshindi atakaa na kamera ya shule likizo nzima ya Krismasi. Wiki saba!

Kamera yenyewe ni moja. Kioo cha nyuma kilikufa mwaka juzi, kwa hiyo tunachungulia kwenye kitundu cha juu na kumwachia Mungu. Picha tunaziona baadaye kwenye kompyuta ya shule. Kifuniko cha lenzi kilipotea, tunaivisha soksi ya mtoto mchanga. Lakini ni kamera. Simu ya Bibi hufanya kila kitu kiwe na rangi ya supu. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma: naitaka kamera ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Tumefundishwa kanuni ya theluthi. Gawa picha kwa mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala, kisha mweke mhusika pale mistari inapokutana. Kamwe si katikati. Mwalimu akaitazama kazi yangu ya wiki jana, akasema watu wangu wote wamekaa katikati kana kwamba wanaomba pasipoti. Darasa zima likacheka. Makerita, binti wa mchungaji, alicheka kicheko cha kanisani, kile cha kuziba mdomo. Yeye alisifiwa kwa picha ya kuku. Kuku pembeni, nafasi tupu mbele yake, eti utulivu. Yule kuku alikuwa anafukuzwa na mbwa!

Zamu za kamera tumepata wawili tu, wengine watumie simu za nyumbani. Mimi Jumatano na Alhamisi. Makerita Ijumaa na Jumamosi. Picha zipelekwe Jumamosi jioni, mshindi atangazwe Jumapili ya Watoto, kanisani, mbele ya kila mtu.

Jumanne, 3 Oktoba

Mazoezi bila kamera. Mwalimu alisema tukate fremu ya boksi tuchungulie dunia kupitia humo. Boksi lililokuwepo nyumbani ni la biskuti kavu. Nikalikata. Kumbe ni zawadi ya Bibi kwa mchungaji, na biskuti zilikuwa bado ndani.

Nikamtumia Bibi kama mhusika, maana alikuwa amekaa tu akisuka mkeka. Mwalimu anasisitiza tuangalie kilicho nyuma ya mtu. Nyuma ya Bibi kulikuwa na mnazi, ukawa kama umeota kichwani mwake. Nikamwomba asogee. Likaota tangi la maji. Nikamwomba asogee tena. Mara ya nne aliniuliza kama yeye ni kiti. Akasema mtu anayeona kosa kila upande, kosa liko machoni pake. Bibi haelewi sanaa.

Jumatano, 4 Oktoba

Nina kamera! Na nina akili.

Nilifikiri hivi. Mwenyekiti wa kamati ya kalenda ni nani? Mzee Fuimanuola, chifu wetu mkuu. Mzee Fuimanuola anampenda nani? Mzee Fuimanuola. Basi nimpige picha yeye, nimalize kazi. Leo machifu walikuwa na kikao kwenye ile nyumba kubwa isiyo na kuta, kila mmoja ameegemea nguzo yake, bakuli la kinywaji cha kava mbele yao. Nguzo zilikuwa mistari mizuri ajabu, zinalivuta jicho moja kwa moja hadi kwake. Tatizo, alikuwa katikati kabisa. Pasipoti!

Nilijaribu kuhama mimi. Kulia kuna banda la nguruwe, kushoto kuna tangi. Hakuna njia. Nikainama kwa adabu zote, nikaomba radhi, nikaingia, nikamsihi Mzee Fuimanuola asogee nguzo mbili upande wa kulia. Kwa sababu ya theluthi, nikasema.

Feni za mkono zilisimama zote kwa pamoja.

Najua, najua. Hata mtoto wa chekechea hapa anajua kwamba kila chifu ana nguzo yake, na nguzo ile ya kulia ni ya Mzee Saleupu, na kabla yake ya baba yake, na kabla yake ya watu waliokufa bila kuona kiatu. Lakini nilikuwa nafikiria mistari! Mzee Saleupu akauliza huyu mtoto ni wa nani. Wajomba zangu wawili walikuwa mle ndani, wote wakaanza kukagua paa.

Mzee Fuimanuola hakufoka. Aliniuliza polepole, "Mwanangu, nani amekwambia mimi ni mtu wa pembeni?"

Nikasema Mwalimu Perelini.

Jioni hii Mwalimu Perelini ameonekana akielekea kwa Mzee Fuimanuola na mizizi ya kava kwapani, kuomba msamaha. Hakunisalimia.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mwalimu amefundisha leo akiitazama dari kila macho yetu yalipotaka kukutana. Kafundisha nuru ya dhahabu: jua linapokaribia kuzama, nuru inakuja kwa ubavu, hata ndoo ya nguruwe inapendeza. Nikapiga hesabu. Kwetu ni saa kumi na mbili kasorobo hadi na robo. Yaani saa ya sala ya jioni! Kombe kubwa la baharini likipulizwa mara ya kwanza, kila mtu nyumbani kwake. Mara ya pili, sala. Mpaka lipulizwe mara ya tatu hakuna ruhusa ya kutembea kijijini, na vijana wanasimama barabarani kuhakikisha. Nuru nzuri kuliko zote, na kijiji kizima kimefumba macho!

Nikakaa nikaisoma sheria upya kichwani. Sheria inakataza kutembea. Haikatazi kukaa. Mtu aliyepanda mti kabla ya kombe la kwanza, akatulia humo, ametembea wapi?

Basi saa kumi na moja na nusu nilikuwa juu ya mshelisheli nyuma ya nyumba ya Mzee Fuimanuola. Kombe la kwanza. La pili. Nyimbo zikaanza nyumba hadi nyumba. Na nuru ikaja. Ee Mungu wangu, nuru! Mawe meupe ya uwanja yaliwaka, kanisa likawa kama limeoshwa kwa asali, vijana wamesimama kandokando ya njia na lavalava kiunoni, vivuli virefu. Nilitokwa na machozi, kweli. Nikaweka kila kitu kwenye theluthi yake. Nikabonyeza.

Nilisahau kwamba kamera yetu hujiwashia taa.

Taa ya kwanza, wakadhani ni radi, nikasikia mtu akisema amina kabla ya wakati. Ya pili, mbwa wakaanza. Ya tatu, Mzee Fuimanuola, aliyekuwa katikati ya kuomba, akanyamaza. Ya nne nilijisogeza kidogo kutafuta upande, nikaling'oa shelisheli moja kwa goti, likaanguka juu ya bati la jiko lake. Ya tano nilipiga kwa sababu nilikuwa nimeshaharibu tayari.

Chini ya mti akaja kusimama binamu yangu Lafaele, mlinzi wa zamu. Akangoja pale mpaka kombe la tatu. Kisha akasema, "Shuka, msanii."

Nimemweleza kwamba sikutembea. Akaniambia hayo nikawaeleze wazee, yeye kazi yake ni kukamata tu. Bibi amelia, akaacha kulia, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Aibu ninaiona, siwezi kukataa. Lakini picha ninazo! Tano!

Ijumaa, 6 Oktoba

Soksi.

Sikuivua soksi. Nilichungulia kwenye kitundu cha juu, nikaona dunia yote, na lenzi huku chini ilikuwa imevaa. Mwalimu alifungua picha zangu tano kwenye kompyuta mbele ya darasa. Weusi. Ya tatu ina uzi. Makerita aliuliza kwa upole kama ile ndiyo nafasi tupu tuliyofundishwa. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze, na yeye anifuate.

Baraza limeamua. Nyumba yetu itoe sanduku moja la samaki wa kopo. Mimi mwenyewe nipalilie uwanja wa kanisa kesho tangu alfajiri hadi adhuhuri, uwe safi kwa Jumapili ya Watoto. Kwa hiyo sina kamera, sina picha, sina Jumamosi. Makerita anayo yote matatu.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimeumia mgongo lakini moyo umetulia. Nimemmaliza Makerita!

Nilikuwa nimeinama mbele ya kanisa tangu kuku hawajaamka, nimejifunga lavalava la Bibi lenye maua mekundu ya ukubwa wa sahani. Saa mbili akatokea Makerita na kamera, viatu visafi. Nikamwomba dakika kumi tu. Akasema, "Shoga, ningekupa, lakini utaipandisha mtini." Akaanza kuzunguka akilitafutia kanisa upande.

Hapo ndipo akili iliponijia. Nikajifanya mtu mwema. Nikamwambia mwenzangu, yaliyopita yamepita, acha nikusaidie. Kisha nikampa ushauri, mmoja baada ya mwingine, kinyume cha kila tulichofundishwa! Liweke kanisa katikati kabisa. Eti? Ndiyo, katikati kama pasipoti. Shuka chini mpaka magoti yaguse nyasi. Usihangaike na vitu vilivyoko mbele, jicho litaviruka lenyewe. Alisita. Nikamsisitiza, nikamwambia hata Mwalimu siku hizi amebadili mawazo. Akapiga magoti nyuma yangu. Akaniomba nisimame pembeni, nikasema haiwezekani, nina adhabu. Akasema basi endelea, usigeuke. Akasogeza ndoo yangu kidogo kulia.

Msichana mjinga! Kanisa katikati! Mwalimu atazimia.

Jumapili, 8 Oktoba

Naandikia jikoni. Sitaki kuonwa.

Kanisa lilijaa, watoto wamevaa nguo nyeupe tupu, kila mmoja kasema aya yake. Kisha Mzee Fuimanuola akasimama na kitu kipana kilichofunikwa kitambaa. Akasema picha zilizoletwa zilikuwa kumi na moja, na katika kumi kanisa limesukumwa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Moja tu ndiyo imejua mahali pa nyumba ya Mungu. Akasema mpigaji huyo ana heshima, na heshima haifundishwi shuleni. Hapo alimtazama Mwalimu Perelini. Akavuta kitambaa.

Kanisa katikati, jeupe, wima. Na mbele yake, chini kulia, pale hasa mistari inapokutana, makalio yangu. Ndani ya maua mekundu ya ukubwa wa sahani. Kichwa hakionekani, kiko kwenye magugu.

Mzee Fuimanuola hakunitambua kwa upande ule. Akasema tazameni, kijana wetu asiyejulikana, anatumika kwa hiari bila kutafuta sifa, na chini yake patachapishwa neno Utumishi. Watu wakapiga makofi. Mwalimu Perelini naye akapiga makofi, akanong'ona kwamba theluthi imekaa vizuri mno. Ndipo Bibi akalitambua lavalava lake. Alianza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. Wanawake wa benchi lote wakaanza kutetemeka pia, na Lafaele ikabidi atoke nje.

Makerita alipanda mbele kupokea kamera. Wiki saba. Nimelia kweli, si utani. Miezi kumi na miwili nitatundikwa kila nyumba, mpaka Auckland. Leo ni siku ya watoto kulishwa kwanza na wakubwa kuhudumu. Bibi ameniletea sahani huku jikoni, majani ya taro kwa tui, akaikalia ndoo karibu nami mpaka nikala. Alisema tu kwamba lavalava lile sasa nimeshapewa, yeye hawezi tena kulivaa mbele za watu.

Jumatatu, 9 Oktoba

Sikukuu. Nimelala, nimefikiri, nimeona mambo sawasawa.

Kanisa katikati ni wazo la nani? Langu. Kupiga magoti? Langu. Mtu kwenye theluthi? Mimi mwenyewe, kwa mwili wangu. Makerita alibonyeza tu. Kwa hesabu yoyote ya haki, theluthi mbili za ushindi ni zangu. Nimekwenda kwa mchungaji kudai wiki nne na siku tano. Makerita alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwenzangu, hata yule kuku hajawahi kudai."

Sawa. Sikubishana, kwa sababu kosa nimeshaligundua, na ni dogo sana. Niligeukia upande usio wangu. Kama watu wangeuona uso, wangeuliza huyu ni nani, na mimi ningeeleza. Pasaka kamati itatoa kitabu kipya cha nyimbo, na jalada lake linatafutwa kuanzia sasa. Uwanja utahitaji kupaliliwa. Hawampi kazi hiyo mtu asiye na kosa. Makerita hawezi kumwona mtu ameinama akamwacha, na safari hii nitamwelekeza vizuri zaidi.

Nimechagua mti mwingine, karibu zaidi na barabara. Kesho, saa kumi na mbili kasorobo. Gauni la kupalilia nimelipiga pasi, nywele nimesuka. Kilichobaki ni kukamatwa.