Mtambo wa Kutafuta na Boti ya Ngumbo

Wananchi wote wa milimani na mwambaoni mwa ziwa walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, kwamba ujinga umefikia tamati. Kuanzia Jumatatu, mwenye swali lolote alilete Mbinga mjini, ofisi za Mamlaka ya Uratibu wa Milima na Mwambao, ambako Afisa Mwandamizi wa Utafutaji angelijibu kwa njia ya mtandao. Afisa huyo nilikuwa mimi, Hyasinti. Hata tangazo lenyewe nililisoma mimi, kwa sababu dereva alikuwa na mafua.

Nilistahili cheo hicho. Nilikuwa nimehudhuria semina ya kompyuta Songea, tena nikakaa kiti cha mbele. Miaka hiyo ya soko huria, ushirika ulikuwa umelala usingizi wa pono, kahawa inanunuliwa na kila mwenye mizani, nami nikaamini taifa litaokolewa na mitambo ya kutafuta. Niliifahamu yote. Ile ya kwanza ilikuwa kama wapiga debe wa stendi: unauliza basi la Songea, unaonyeshwa kwanza mikanda, saa na dawa ya minyoo. Halafu ukaja mtambo mpya. Ukurasa mweupe pee, kisanduku kimoja katikati, basi. Siku nilipouona nilivua kofia. Nilipomsimulia mke wangu, Tadea, aliuliza kama unaweza kutafuta mafuta ya taa. Nikamwambia bado.

Mratibu Mkuu wetu, mheshimiwa Mansuetus, aliupokea mtambo kwa tahadhari ya kiongozi.

"Hyasinti," aliniuliza, "hiki kitu kinajibu kila swali?"

"Kila swali, mheshimiwa."

"Kila swali kabisa?"

"Hata ambalo hujauliza, mheshimiwa."

Papo hapo akaunda Kamati ya Kuratibu Maswali, yeye mwenyekiti, mimi katibu. Mwongozo wake ulikuwa mfupi na wenye busara: swali lisilo na jibu linalojulikana lisiulizwe, maana linaweza kuleta jibu. Nilipiga makofi. Niliona ni utaratibu wa kisasa.

Siku ya uzinduzi Mratibu Mkuu aliuliza swali la kwanza: makao makuu ya nchi yetu yako wapi? Modemu ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, watu wakarudi nyuma. Kwaya ikaimba nyimbo mbili tukisubiri, ndipo ikaja Dodoma. Vigelegele! Mzee Wendelin wa Mkumbi, aliyetaka kujua kwa nini bei ya kahawa haitulii, aliambiwa swali lake ni zuri mno, litunzwe.

Mwishoni akaja mama wa makamo kutoka Ngumbo, Edina, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Boti yetu iko wapi?"

Hapa naomba nieleze. Wahisani walikuwa wametupatia boti ya abiria, jina lake Tumaini, iwavushe watu wa Ngumbo kwenda sokoni na hospitalini Liuli. Ilisafiri mara moja, ikiwa na mgeni rasmi, kisha ikaenda matengenezo. Taarifa za matengenezo hayo niliziandika mimi kila robo mwaka, na zilikuwa zinasomeka vizuri sana.

"Mama, swali lako halijapita kwenye kamati."

"Sikuja kwa kamati. Binti yangu Glorious ni mjamzito, siku zake zimekaribia. Mimba ya kwanza uchungu ulimshikia kwenye mtumbwi, mawimbi yanatupiga, Liuli tunaiona kwa macho. Mtoto tulimzika. Sasa nauliza tu. Boti iko wapi?"

Mratibu Mkuu akatabasamu. "Iko matengenezo, mama. Waambie wenzako subira huvuta heri."

"Subira tumeivuta, baba, mpaka kamba imekatika."

Uzinduzi ukafungwa kwa sala.

Kesho yake asubuhi Mratibu Mkuu aliaga kwamba anakwenda Dodoma kikazi. Nikabaki peke yangu na mtambo, na hakuna hata mtu mmoja wa kuona ninavyoutumia. Edina akaingia, alikuwa amelala kwa ndugu yake mjini. Ningependa kusema kwamba nilimwonea huruma. Ukweli ni kwamba nilitaka mtazamaji.

"Kaa hapo, mama. Tazama."

Nikaandika jina la boti na jina la ziwa. Ukaja ukurasa wa kampuni ya matembezi ya ng'ambo ya pili ya ziwa, una picha: boti nyeupe, na juu yake mwanamke wa Kizungu amelala chali amevaa nguo ya kuogelea, mkononi ana bilauri. Ubavuni imeandikwa Tumaini. Jina hawakulifuta, nadhani rangi ilikuwa ghali.

Edina akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. "Ndiyo yenyewe. Na huyu dada anaumwa?"

"Anaota jua, mama."

"Hapo alipolala ndipo pa kuweka matenga yetu."

Mimi nilikuwa nashangaa ufundi wa ukurasa. Herufi zilikuwa zinawaka na kuzima! Chini iliandikwa kwamba mwenye kutaka boti amwandikie Bwana Manny. Nilimwonea wivu huyo Bwana Manny. Nikasema moyoni, laiti wakubwa wetu wangeipenda teknolojia kama yeye.

"Anawapa watu gani boti?" Edina akauliza.

"Watalii."

"Mtalii ni nani?"

Nilimweleza kama tulivyofundishwa semina: ni mtu anayekaa ufukweni, anaangalia maji, anasubiri chombo kije kumchukua.

"Basi watalii ni sisi," akasema. "Andika."

Nikaandika barua pepe. Kikundi cha akina mama wanaopenda sana samaki kingefurahi kuchukuliwa Ngumbo siku ya Jumamosi. Kama katibu wa kamati nilihakiki kila neno, sikuona uongo. Edina hajamaliza chai niliyompa, jibu likaingia. Niliruka kutoka kitini. Tangu nijiunge na mtandao sikuwa nimejibiwa na mtu yeyote! Bwana Manny aliandika kwamba wageni ni baraka, na kwamba kwa heshima ya kikundi atakuja yeye mwenyewe kuwapokea.

Jumamosi nikapanda lori lililokuwa linafuata mihogo, nikashuka mwambaoni, nikaenda Ngumbo. Nilijiandikia ruhusa ya ukaguzi wa mtandao, ingawa Ngumbo haikuwa hata na nguzo ya simu. Niliwakuta akina mama wamevaa nguo za kanisani, wana matenga ya usipa, kuku na mafurushi. Glorious alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshika kiuno, hasemi na mtu. Edina alikuwa ametoa amri moja tu: mtu asipige kelele kabla nanga haijashuka.

Boti ikatokea, muziki unalia. Mbele amesimama mwanamume mnene, shati la maua, kaptura, miwani myeusi, amebeba sinia la bilauri za maji ya matunda. Nanga ikashuka. Akatukaribisha kwa Kiingereza, mikono ameitanua. Kisha akatutazama vizuri, akavua miwani.

"Shikamoo, mheshimiwa," nikasema. Lilinitoka lenyewe, mimi ni mtumishi. "Habari za Dodoma?"

Mheshimiwa Mansuetus alinitazama mimi, akawatazama akina mama waliokwishaingia majini na matenga kichwani.

"Hyasinti! Nani amepitisha jambo hili?"

"Mtambo, mheshimiwa."

Edina alikuwa tayari ndani ya boti, anampa mkono binti yake apande. "Kumbe matengenezo yameisha, baba? Imependeza."

Ukubwa si mchezo. Mtu mwingine angejitupa ziwani. Yeye alikohoa, akapanda juu ya kasha la soda, akahutubia akiwa na kaptura yake. "Ndugu wananchi, nimekuja mwenyewe, bila makuu, kuwakabidhi boti yenu!" Akina mama wakapiga vigelegele virefu kupita kiasi, ili kila aliyekuwapo awe shahidi. Boti ikang'oa nanga kwenda Liuli, yeye akiwamo, maana hakuwa na usafiri mwingine. Nilimwona anampa Glorious bilauri ya kwanza. Jioni ile Glorious alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kiume, na nikasikia Edina, bibi wa mtoto, alikaa chini sakafuni akalia.

Aliporudi ofisini Mratibu Mkuu aliniamuru niitangaze habari hiyo kwenye tovuti. "Iandike vizuri," akasema. Hapo aligusa ugonjwa wangu. Niliandika vizuri mno. Nikaandika kwamba kwa mapenzi yake kwa watu wa mwambao ameamua kuhamia Ngumbo, aisimamie boti siku zote, bila posho. Sikuwa na nia mbaya, habari ilikuwa inataka mwisho mzuri.

Mtambo mpya ukaipenda, ukaiweka juu kabisa. Wakubwa wetu huko juu wakaisoma, wakafurahi, wakampigia simu kumpongeza na kuridhia ombi lake. Mheshimiwa aliniita.

"Ifute, Hyasinti."

"Nimeshaifuta, mheshimiwa. Ila mtambo una nakala yake."

Kukanusha kulikuwa ni kusema yeye hawapendi wananchi. Akafunga mizigo. Mamlaka, kwa kukosa mratibu, ikavunjwa, kompyuta ikafunikwa kitambaa cha kufuma, mimi nikahamishiwa kwenye ghala la kahawa, ninapima unyevu.

Juzi nilishuka Ngumbo. Nilimkuta Mratibu Mkuu ndani ya maji, suruali ameikunja magotini, anapandisha abiria. Nikamfuata kumweleza habari ya huduma mpya ya barua pepe, yenye nafasi kubwa isiyojaa hata ukiandikiwa na dunia nzima. Kabla hajajibu, Edina akafika nyuma yake na mzigo wake.

"Baba, hebu nishikie huyu kuku nipande."

Akamshika.